Mkanda Juu ya Sweta

Miaka kumi na tisa nimepima presha katika zahanati yetu huku milimani Puno, na miaka yote nimeufunga mkanda juu ya sweta. Baridi ya kwetu haina adabu. Kumvua mama wa watu sweta tatu kwa kipimo cha dakika mbili niliona ni ukatili. Wagonjwa walinipenda kwa hilo, nami nilijipenda zaidi.

Juzi akaja Wilber, kijana wa mjini, kutufundisha upya. Nilinuna. Mtoto wa juzi, anifundishe nini? Alipotaka mgonjwa wa mfano, nikamwita komadre Fortunata, ambaye nilimsimamia bintiye ubatizo. Nilitaka anione nikisifiwa.

Nikamfunga mkanda huku tukipiga soga kama kawaida yetu. Namba ya juu: mia arobaini na nne.

"Dada Nélida," Wilber akasema, "unampima mama au unampima kondoo na manyoya yake?"

Wauguzi wenzangu wakaangua kicheko. Akamwomba Fortunata autoe mkono mmoja nje ya sweta, auweke mezani, akae kimya dakika tano. Kisha akaniambia nipime tena mimi mwenyewe. Nilipima mara mbili, vifaa masikioni, maana sikuamini nilichosikia. Tisini na sita, chini mno.

Kicheko kikakatika.

"Anameza vidonge vya presha?" Wilber akauliza taratibu.

Anameza. Daktari aliviongeza mwezi wa tano, kwa namba nilizompelekea mimi. Mwezi wa sita Fortunata alishikwa na kizunguzungu sokoni, akaanguka na sufuria ya supu ya moto. Kovu lilikuwa pale mezani, kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, watu wote wanaliona. Na aliponilalamikia kizunguzungu nilimwambia, "Ndiyo presha hiyo, komadre, usiache dawa."

Nikamtoa nje. Nilitamani ardhi inimeze.

"Komadre, hukuangushwa na presha. Ni vidonge. Nilikuwa nakupima vibaya, mimi."

Akageuka kutazama mtoni.

"Na mama?"

Mama yake ana miaka themanini na moja, anaishi peke yake ng'ambo ya mto, na vidonge vyake ni hivyo hivyo. Nilimpima Ijumaa, juu ya shali na sweta mbili. Jumamosi alilalamika kizunguzungu.

"Nélida, mama yangu unampimaje?"

Nikaugusa mkono wa sweta yake. Fortunata akaanza kukimbia kuelekea mtoni. Nami nikamfuata nyuma, nikiona haya hata kumwita.