Mkaa wa Laki Nne

Mzee Salmini aliuza vitambaa Tabora maisha yake yote, na hesabu za duka zima alizibeba kichwani. Kwa hiyo binti yake Haifa alipomwekea programu ya bajeti kwenye simu, mara baada ya arobaini ya mama yake, mzee alicheka. Haifa hakucheka.

"Baba, mimi narudi Muscat. Kila utakachonunua kiandike humu, nami nitakiona kwangu palepale."

Akamfungulia mafungu: chakula, umeme, dawa, wageni. Kisha akaondoka, na nyumba ile ya vyumba tele ikabaki na mtu mmoja.

Mzee aliandika kwa utiifu. Mkate, vidonge vya presha alivyoandikiwa hospitali ya Kitete, mihogo ya Ntalikwa. Haifa aliona kila kitu kiko sawa, na kwa kuwa kilikuwa sawa, hakupiga simu. Fungu la wageni halikuguswa.

Siku moja alinunua gunia la mkaa kwa elfu arobaini, kidole kikaongeza sifuri. Hajaiweka simu chini, ikalia.

"Shikamoo Baba! Mkaa wa laki nne? Nani kakuibia?"

"Marahaba, mwanangu. Mkaa gani huo tena?"

Alipoelewa, alicheka mpaka akakohoa, na Haifa naye akacheka. Wakaongea hadi adhana ya alasiri. Walimtaja marehemu bila kulia. Jioni hiyo mzee alijipikia wali, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

Kesho yake akaandika mkate kwa bei yake ya kweli. Kimya. Keshokutwa akaandika mbuzi.

Simu ikalia.

Basi mtu mzima na mvi zake akageuka mwongo. Akaandika betri ya gari, na gari lenyewe liliuzwa zamani. Akaandika asali ya kutosha harusi. Kila mara Haifa alifoka, na kila mara mzee alijitetea taratibu, akiyavuta maneno ili mtoto asikate mapema. Usimcheke sana. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Haifa alichoka.

"Baba, nimekuwekea mipaka. Ukizidisha, programu yenyewe itakuonya. Mimi sitakusumbua tena."

Alisema kwa upole, akidhani anampunguzia adha. Mzee akaandika ng'ombe. Kioo cha simu kikawa chekundu, na simu haikulia. Akaandika trekta. Wekundu mtupu.

Siku kadhaa alikaa hivyo. Kisha, asubuhi moja, akaandika polepole: sanda, kafuri, marashi.

Ikalia. Safari hii hapakuwa na shikamoo, palikuwa na kilio. "Baba, daktari kasema nini? Niambie, nakuja!"

Mzee alikuwa na kiu ya sauti ile, lakini hivi alivyoipata ilimchoma moyo. Alijionea haya.

"Sijanunua kitu, mwanangu. Hata mbuzi hakuwepo. Nikiandika kweli, hunipigii."

"Nisamehe, Baba," Haifa akasema.

Kesho yake mzee alikuta fungu jipya, limefunguliwa kutoka Muscat: Kuongea na Baba. Thelathini kila Ijumaa. Zilikuwa dakika, lakini programu haijui dakika wala shilingi. Kwake tarakimu ni tarakimu.

Haifa ni mtu wa ahadi. Ijumaa, baada ya swala, simu ililia, na mzee aliipokea akiwa na kanzu iliyopigwa pasi. Alianza na habari za mvua, akapitia kwa jirani aliyehamia Kaliua. Alikuwa anakaribia lile alilotaka kulisema hasa, kwamba siku hizi huwasha redio katika chumba cha marehemu ili nyumba isikike ina mtu, ndipo Haifa akasema, "Tutaendelea Ijumaa ijayo, Baba. Naitwa kikaoni."

Mzee aliandika kama alivyofundishwa: thelathini. Kioo kikawa kijani, na maandishi yakatokea: Hongera, hujavuka mpaka.

"Asante," Mzee Salmini akaijibu kwa sauti, maana hakuna mwingine aliyemsemesha tena siku ile.