Maharage ya Mbegu

"Kwao hakuna," Piusi alijibu kabla daktari hajamaliza kuuliza. "Shangazi zake wote nawajua. Mmoja alikufa kwa uzee, mwingine aligongwa na lori pale Rhotia. Ugonjwa wa tumbo kwao hakuna."

Mkewe Bertha alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali, tumbo limesimama mbele yao kama la mwenye mimba ya kujifungua. Majirani kijijini kwao Daa walikuwa wamempongeza msimu mzima wa kilimo, na mmoja alimletea hadi uji wa ulezi. Bertha alijua tangu mwanzo kwamba mle hamna mtoto. Uji aliunywa, maana mtu aliyekupikia kwa furaha utamwambia nini.

"Daktari," aliuliza, "na mama anahesabiwa?"

"Mama ndiye wa kwanza kuhesabiwa," alisema Daktari Eliamani.

Piusi alimtazama mkewe kwa mshangao. Kwao ukoo ni wa baba. Mama ni mtu aliyetoka kwa watu wengine, na dada zake huolewa kila mmoja upande wake, wakazikwa kwenye mashamba ya waume zao, kila msiba na wenyewe. Hakuna aliyewahi kuyaweka makaburi hayo pamoja, hata kwa mawazo.

"Basi mama alikufa na tumbo kama hili," Bertha alisema. "Wakasema amerogwa. Mama mkubwa, yule wa Mbulu, wakasema ni ini. Na bibi aliyewazaa, naye tumbo lilimjaa maji. Mimi nilikuwa mdogo, nilimshikia beseni."

Daktari alivuta kiti akakaa. Alikuwa Mmachame mpole, mtu wa Kilimanjaro, na siku hiyo upole wake ulimtisha Bertha kuliko ukali.

"Saratani hii haikuanza mwaka huu, mama. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila siku zinaharibika kidogo na kila siku zinajitengeneza. Sasa kuna familia ambazo mtoto huzaliwa na kasoro kwenye huko kujitengeneza. Zamani tulidhani ugonjwa unaanzia kwenye vifuko vya mayai. Siku hizi wanaochunguza wanasema huenda mara nyingi unaanzia huku, mwishoni mwa mirija inayopitisha mayai. Seli chache tu zinabadilika. Mwanamke analima, anapika, anazaa, hasikii kitu. Miaka inapita."

Bertha alifikiri kidogo. "Kama kidudu cha maharage," alisema. "Kinaingia ganda likiwa bado bichi shambani. Unavuna, unaweka kwenye kibuyu, punje nzima kabisa. Tundu unaliona siku kinapotoka."

"Karibu hivyo, mama."

"Na binti yangu?"

"Huenda amerithi, huenda hakurithi. Ni nusu kwa nusu. Wenzetu Ulaya wana kipimo cha damu, hapa hatuna." Daktari aliangalia mikono yake. "Akishazaa watoto anaowataka, aje. Tutaitoa mirija na vifuko kabla kitu hakijaota. Asingoje kufika umri wako. Lakini ili aje, lazima aambiwe."

"Na mimi?"

"Wiki ijayo urudi, tutakupunguza maji, upumue vizuri."

Bertha alishuka kitandani, akajifunga khanga.

Walipofika getini kwao Piusi alizungumza, amempa mkewe mgongo. "Mama Nasha, Jumamosi wakwe wanakuja. Wakisikia wanawake wa upande wako wanakufa na matumbo, nani atamchukua? Mwache aolewe kwanza."

"Akishaolewa, nani atamwambia? Mimi nitakuwa wapi?"

Piusi alikwenda zizini, akaegemea ubavu wa ng'ombe na kulia, na Bertha alimwacha, kwa sababu alimpenda na hakuwa na la kumfariji.

Nasha alirudi jioni kutoka Karatu mjini, alikokuwa akitandika vitanda vya watalii. Alimkuta mama yake barazani na ungo mapajani. Katika nyumba ile ardhi na ng'ombe vilipita kwa wanaume, ila maharage ya mbegu yalipita kwa wanawake. Yalikuwa mekundu yenye madoa meupe. Bibi alikuja nayo kutoka Mbulu alipoolewa, akampa mama, mama akampa Bertha. Binti akiolewa hakutoka kwao mikono mitupu, na mbegu yake ilichaguliwa na mama mwenyewe, punje kwa punje.

"Chagua vizuri, mama," Nasha alitania huku akivua viatu. "Mama mkwe Qamara ana macho. Akiona moja limebunguliwa atasema nimetoka kwa wavivu." Alikaa kando yake, akaanza kuchagua naye. "Daktari amesemaje?"

Bertha alikuwa na punje moja kiganjani, nzima, inang'aa. Angeweza kusema ni maji tu, yatatolewa. Binti angeamini, Jumamosi ingepita kwa vigelegele. Alimwangalia Nasha, mikono yake myepesi, shingo ile ya bibi, akahisi chuki kubwa kwa mwili wake mwenyewe uliomzaa mtoto huyu.

Akamwambia. Alimwambia kuhusu bibi, na mama, na mama mkubwa, na mirija, na seli zinazobadilika kimyakimya. Alimwambia ya kufanya baada ya kuzaa, akamwapisha aende. Ya kwake hakuyataja, lakini tumbo lilikuwa pale kati yao na halikuhitaji maelezo.

Nasha hakulia. "Kwa hiyo mimi ninao ugonjwa huo?"

"Hakuna anayejua, mwanangu."

"Wewe unaonaje?"

"Sijui."

Kuku walikuwa wamekusanyika chini ya baraza wakingoja mabovu. Nasha alikichukua kibuyu kilichokuwa kimeshajaa punje nzuri, akakiinamisha na kuyamwaga maharage yote tena kwenye ungo. Akaokota moja. Akaligeuza, akalipitisha kucha, akaliinua palipobaki jua kidogo, akalitazama kwa muda mrefu. Hakulirudisha kibuyuni wala hakuwatupia kuku. Aliliweka sakafuni peke yake, akaokota jingine.

Bertha alitaka kumwambia kwamba kwa nje kidudu hakionekani, hata ukitazama namna gani. Badala yake alimsogezea ungo karibu.