Mzinga Uliohamia Kapkatet

Niliweka sikio ubavuni mwa mzinga nikasikia mlio mrefu, mnyonge, kama wa nyumba yenye mgonjwa. Nyuki walijaa mlangoni bila shughuli. Waliotoka kutembea walirudi na miguu mitupu, bila hata punje ya chavua, na nyuki asiyebeba chavua ni nyuki asiye na mtoto wa kulisha.

Tulikuwa tumehama juzijuzi tu. Mashine za kuchuma chai zilipoingia shambani, sisi wachumaji tulipewa mkono wa buriani, tukaambiwa tutoe vyombo kwenye nyumba za kampuni. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba hizo. Watu waliniuliza kama naumia, nikawajibu kwamba sisikii kitu, na sikuwa nikijikaza. Nilikula kwa kuwa sahani ililetwa, nikalala kwa kuwa giza liliingia. Nilichong'ang'ania kuja nacho Kapkatet ni mzinga huu, tukaupakia kwenye pikapu pamoja na magodoro, barabara ikiturusha.

"Baba Phelix," mke wangu Yunia aliniuliza, "malkia yuko ama hayuko?"

"Sijui."

"Si ufungue uangalie. Hawa wakiisha, sijui utakuwa unaamkia nini."

Nilimpa kopo la moshi, nikafunua mzinga. Sega la kwanza lilikuwa la asali. Kwenye la pili vilining'inia vijumba virefu kama njugu zenye maganda. Hivyo nilivijua. Kule shambani, ukiona nyuki wanajenga vyumba vya malkia mpya, ujue wanajiandaa kugawanyika wahame, nasi tulivivunja upesi ili wasiende. Mimi sikutaka kuona yeyote mwingine akihama. Vidole vyangu, vilivyochuma majani mawili na chipukizi maisha yangu yote, vilikata cha kwanza, cha pili, cha tatu, akili ikifuata nyuma.

Kisha nikainua sega la watoto nikalielekeza juani. Nilitafuta mayai, yale yanayosimama ndani ya tundu kama kipande cha uzi mweupe. Hapakuwa na hata moja. Watoto wote walikuwa wakubwa, wamekwisha kufunikwa kwa nta, wala hapakuwa na mtoto mchanga wa kulelewa awe malkia. Ndipo nikaelewa. Nyuki hawa hawakuwa na mpango wa kuhama. Malkia wao alikufa njiani, nao wakawachukua watoto wa mwisho aliowaacha wakaanza kujilelea mwingine. Na mimi nimewachuma.

Nilimweleza Yunia. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. Alilichukua sega nililoliharibu, akaligeuza taratibu. "Na hiki?"

Kilikuwa kijumba cha mwisho, kidogo, kimejificha pembeni, nyuki wamekikumbatia. Mkono wangu ukaenda, sijui ukitaka nini. Yunia aliudaka.

"Hicho usiguse. Umechuma ya kutosha."

Nilimpokea sega kwa mkono mwingine nikalirudisha mahali pake, nikamweleza yaliyobaki. Huyo malkia akitoka, itabidi aruke peke yake, atafute madume katika nchi asiyoijua, kisha aukumbuke mlango huu. Ndege anaweza kumla. Mvua ya alasiri inaweza kumwangusha.

"Unatetemeka," Yunia alisema.

"Naogopa," nilimwambia. "Naogopa asije akapotea."

Hakuuachia mkono wangu.