Uzito wa Fundi Birika

Karatasi aliyopewa Fundi Birika ilimtaka achague betri mpya za matoroli ya umeme. Aliisoma mara mbili, akaona inamtaka achague kati ya kubaki kazini na kufungasha virago.

Matoroli yalikuwa kumi na mawili, yale ya kuinua paleti za mizigo na kuzitembeza ghalani. Betri zake zilikuwa zimechoka kiasi kwamba ikifika saa tano asubuhi yanakokotwa kwa mikono. Zilikuwa betri za maji. Kila asubuhi fundi alizipitia na birika lake la plastiki, akafungua vifuniko, akaongeza maji, akafunga. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minne, watu wakamwita Birika, na jina alilopewa na mama yake lilibaki kwa mhasibu peke yake.

Sasa muuzaji mmoja, viatu vinang'aa utadhani anakwenda kuposa, alikuwa ameleta betri ya majaribio. Kavu, nyepesi, inajaa kwa saa moja, haitaki tone la maji maisha yake yote. Aliposikia habari ya maji, fundi alilitazama birika lake.

"Wewe ndiye unayeyajua haya matoroli," meneja alimwambia. Alikuwa mama mpole, na upole huo ndio uliowatia watu hofu. "Ijaribu kesho. Ukisema haifai, tunanunua tena za maji."

Kabla ya kutoka kazini siku ile, fundi alipangusa kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa toroli, akasoma: betri isipungue kilo mia na hamsini. Ile mpya ilikuwa na kilo sitini. Bila uzito, gurudumu la kusukuma halishiki sakafu. Fundi alitabasamu, akachota vumbi kwa kiganja, akakirudishia kibati vumbi lake.

"Tuijaribu kwenye mwinuko wa kupakilia," alisema kesho yake, uso mkavu.

Muuzaji aliifunga betri yake kwenye toroli, akataka kuliendesha mwenyewe. Walipandisha paleti ya sabuni, toroli likaanza kupanda vizuri, na katikati ya mwinuko gurudumu likazunguka bure. Fundi alikuwa tayari amefungua mdomo aseme haifai.

Alichosahau ni tabia ya ghala lile: toroli likigoma, aliye karibu hulitia bega kwa nyuma bila kuulizwa. Aliyekuwa karibu ni mpakiaji, shemeji yake, mdogo wa mkewe. Toroli likaanza kurudi chini, na shemeji mtu yuko nyuma yake, viatu vinateleza, anacheka bado.

Akilini fundi alimwona mkewe mlangoni kwao jioni akiuliza, ndugu yangu yuko wapi? Akaruka, akajibwaga juu ya kifuniko cha betri kwa kilo zake zote mia moja. Gurudumu likashika. Toroli likapanda hadi juu, na fundi juu yake, ghala zima likipiga makofi.

"Inafaa!" muuzaji alipiga kelele.

Meneja hakupiga makofi. "Ulijuaje kwamba inataka uzito?"

"Imeandikwa kwenye kibati, mama."

"Umekisoma lini?"

"Jana."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza." Aliona aibu, tena mbele ya shemeji. "Betri hizi hazinywi maji. Mimi kazi yangu itakuwa nini?"

Meneja alimtazama, kisha akamtazama mpakiaji anayejipangusa magoti. "Huyu mwenye viatu vinavyong'aa hakukijua kibati. Mimi sikukijua. Agiza hizo kavu, na vyuma vya kuziongezea uzito, utavifunga wewe. Na fundi, siku nyingine ukinyamaza, usirudi."

Betri zilikuja kumi na mbili, vyuma vikaja kumi na kimoja. Cha mwisho kilichelewa wiki mbili, na meneja, kwa upole wake uleule, alisema kazi haiwezi kusimama. Basi kwa wiki mbili, kila mara toroli la kumi na mbili lilipokwenda kwenye mwinuko, Fundi Birika alipanda akakaa juu ya betri, birika mapajani kwa mazoea, na shemeji yake akashika usukani.

"Shemeji," mpakiaji alimuuliza kila asubuhi kwa sauti ya ghala zima kusikia, "umekula ukashiba? Leo mzigo ni mkubwa."