Shiva wa Nagpur Afuata Mkewe

Kila mwaka, mtaa wa wakwe zangu huko Kolkata humpokea mungu wa kike Durga kama binti aliyekuja kwao na watoto wake. Siku ya mwisho sanamu yake husindikizwa na kuzamishwa mtoni, naye arudi mlimani kwa mumewe Shiva, yule wa nywele timutimu na majivu mwilini. Mwaka ule mtaa ulikuwa na binti wa pili: mke wangu Mohua, aliyerudi kwa mama yake kwa sababu ya mdomo wangu.

Nilimwambia asipike tena kichwa cha samaki, kitoweo cha kwao, "jikoni kwangu". Mimi, ambaye humo jikoni sijui hata chumvi inakaa wapi! Kesho yake akapanda treni. Nikajikaza kiume juma zima, kwa ndizi na biskuti, kisha nikatoka Nagpur kumfuata, na tiketi mbili za kurudi mfukoni.

Mzee Nitai, msimamizi wa banda la sherehe, aliliona sanduku langu akapaza sauti. "Jamani, mwaka huu Shiva kashuka mwenyewe!"

"Mlimani njaa, Mzee," akadakia mama mmoja dirishani. "Huoni alivyokonda?"

Mtaa ukacheka, nami nikacheka. Ningefanyaje? Mdomo huponza kichwa.

Chakula cha kwanza, mama mkwe aliniwekea kichwa cha samaki mzimamzima. "Kula, baba," akasema kwa upole wa kutisha. Nikala. Mwiba ukanikwama kooni, nikameza matonge ya wali mtupu huku machozi yakinitoka. Mohua alinisogezea maji bila kunitazama.

Sherehe nzima nilimwandama. "Utarudi nami?"

"Ngoma zinapigwa, sisikii."

Zikinyamaza: "Nina usingizi."

Siku ya mwisho wanawake walipanda jukwaani kumlisha Durga peremende za maziwa na kupakana unga mwekundu. Mohua alikuwa mwekundu hadi masikioni, akicheka na kila mtu isipokuwa mimi. Treni yetu ilikuwa ya jioni. Nilikata tamaa. Nikabeba sanduku, nikaenda kumwinamia mama mkwe mlangoni pake.

"Haya, Mama, naenda."

Wote wakanigeukia. Mama mkwe akajishika shavu. "Nani anasema naenda, siku kama ya leo?"

Kwao anayetoka husema nakuja, hata akienda dukani. Naenda ni neno la asiyerudi. Miaka saba mimi ni mkwe wao, na ulimi bado mbumbumbu.

"Shiva huyu kichwa maji kabisa," akaguna Mzee Nitai.

"Mwacheni," Mohua akasema. "Ndivyo alivyo." Akaingia ndani.

Nikajua yamekwisha. Nikabaki nimeshika sanduku kizingitini, sina uso wa kukaa wala miguu ya kuondoka. "Nakuja, Mama," nikajirekebisha, kwa sauti ya mtu mwenye mwiba kooni.

Mohua akatoka na begi lake, uso bado mwekundu. Akanipita. Akainama, akagusa miguu ya mama yake.

"Mama, nakuja."

Mama yake akaanza kulia. Mimi nikalia kumshinda, mbele ya mtaa mzima, hadi Mohua akanikanyaga mguu.

"Nyamaza basi. Tutaachwa na treni."