Samaki wa Alhamisi

Katika Kalemie nzima, kuanzia Kataki mpaka ng'ambo ya mto Lukuga, hakuna mwanamke asiyejua kudanganya kama mimi. Marehemu mume wangu, fundi wa reli, alinishika kila mara kwa miaka thelathini na miwili, na wala hakuwa mtu wa akili nyingi.

Kwa hiyo Papa Urbain alipokuja kuniomba nimsaidie kusema uongo, nilijua amekosea mlango. Sikumwambia.

Papa Urbain ndiye mkubwa wa depo ya bandarini, ile inayopakua mifuko ya unga na saruji. Alitoka Lubumbashi mwaka juzi, na mpaka leo ziwa kwake ni kitu cha kutazama dirishani. Samaki hali. Anasema miiba ina njama naye. Siku hiyo, Ijumaa, alifika kwangu saa moja asubuhi, peke yake, bila dereva.

"Mama Blandine, saa nne wageni wanaingia depo. Watu ya tathmini, kutoka Kinshasa. Wanazunguka nchi yote na daftari, wanaipima. Uchumi umerekebishwa? Utawala ni muzuri? Mufanyakazi ana haki zake? Halafu nchi inapewa pointi, kama mutoto wa shule."

"Darasa gani, Papa? Maana mimi hii nchi naikumbuka inarudia tu."

Hakucheka. Alitazama pazia la chumba, akijua nani yuko nyuma yake.

Nyuma ya pazia alikuwa binti yangu Blandine. Wapakuzi wenzake walimchagua kuwa delege wao, wa kuwasemea biro, ofisini kwa wakubwa. Siku kumi na tano zilizopita aliingia biro kuomba vitu vitatu ambavyo sheria ya kazi, alisema, inawapa: glavu, maji ya kunywa, na chakula cha mchana. Alitoka bila hivyo vitatu na bila kazi. Kwenye faili wakaandika kwamba ameacha mwenyewe, kwa mapenzi yake.

"Leo utakuwa mupishi wa kantini," Papa Urbain akasema. "Tangu miaka sita. Ukisema vizuri, Jumatatu Blandine anarudi kazini. Ukisema vibaya, pale bandarini hata kufagia hatafagia. Na jina lako leo ni Mama Élisabeth. Hii ya Mama Blandine tuiache nyumbani."

"Kantini gani, Papa?"

"Utaiona."

Alipotoka, Blandine akafungua pazia. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama, usiende. Wakisikia kwako kwamba tunakula, kesho nani ataniamini mimi?"

"Nitasema yale tu watakayonifundisha."

"Hiyo njo inaniogopesha."

Nikajifunga kitambaa kichwani, nikaenda.

Kantini, kumbe, ni ile stoo ya maturubai. Maturubai yalikuwa yametolewa usiku, na mahali pake pameingia meza mbili, mabenchi ya parokia, na sufuria moja kubwa ya maharagi. Joël, karani wa biro, alikuwa anabandika ukutani karatasi iliyotoka kwenye mashine sasa hivi. Akanipa nyingine, mkataba wa kazi, wenye tarehe ya miaka sita iliyopita.

"Unajua kuandika, Mama?"

"Wapi, mwanangu! Mimi na herufi hatusalimiani."

Akanishika dole gumba, akalipaka wino, akalikandamiza pale chini.

Ukweli ni kwamba nilisoma miaka mitano kwa masista wa Mpala; sikutaka tu kuandika jina chini ya uongo ule. Walinipiga vidole mpaka nikajua kusoma hata karatasi iliyofungia sabuni. Joël alipogeuka nikasoma ukuta. Jumatatu, maharagi. Jumanne, kuku. Jumatano, nyama ya ng'ombe. Alhamisi, samaki mbichi wa ziwa. Ijumaa, maharagi.

Ya Alhamisi niliisoma mara mbili.

Tulikuwa mwezi wa saba. Tangu katikati ya mwezi wa tano serikali imefunga ziwa ili samaki wazae kwa amani. Mitumbwi imelala kifudifudi mchangani, na sokoni hakuna ila samaki wa friji, aliyesafiri kuliko mimi. Hata paka wa bandarini wamekonda, wanajua.

Nikafungua mdomo nimwambie Joël. Halafu nikakumbuka kwamba sijui kusoma.

Saa nne wageni wakaingia. Mkubwa wao alikuwa mwanamke, Madame Virginie, mfupi, miwani puani, Kiswahili chake cha Kabalo. Wapakuzi walipangwa mstari na glavu mpya. Papa Omer, mzee wao, alizivaa zikiwa bado zimeshonwa pamoja kwa uzi, akasimama kama mtu aliyefungwa pingu. Nyuma yake Joël alishika katoni tupu, ananong'ona, "Mutazirudisha humu, zote. Jumatatu zinarudi dukani."

Nikasikia hiyo Jumatatu. Kama glavu zinarudi dukani Jumatatu, mwanangu anarudi wapi?

"Mama Bla..." Papa Omer akaanza, aliponiona nyuma ya sufuria. Papa Urbain akageuka. Papa Omer akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Madame akaja kwangu.

"Mama, unapika hapa tangu lini?"

"Miaka sita, Madame."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Watu wanashiba?"

"Mpaka wanasinzia."

Papa Urbain alikuwa amenikazia macho kama mtu anayetazama mtoto akivuka daraja la mti mmoja. Madame akaandika. Akamgeukia yeye.

"Na delege wa wafanyakazi? Sijamuona."

"Aliacha mwenyewe, Madame. Kwa mapenzi yake. Tulisikitika sana."

Kalamu ikaandika na hilo. Yalikuwa maneno machache, kama nusu mstari, na mwanangu akazikwa humo. Wapakuzi wakatazama chini. Kila mmoja ana watoto nyumbani.

Madame akafunga daftari, nikadhani yamekwisha. Akalifungua tena.

"Jana mulikula nini?"

Aliniuliza mimi. Ningesema maharagi, wangekwenda zao, nami ningebaki na ahadi ya Papa Urbain mkononi, nikingoja Jumatatu pamoja na zile glavu.

"Ah, Madame, mimi ni mutu wa moshi, ninasahau. Uliza Papa Directeur. Yeye anakula na sisi kila siku, sahani moja na wapakuzi."

Uso wa Papa Urbain ukafunguka. Sifa kama hiyo, mbele ya daftari! Angeikataaje? Akatupa jicho ukutani, haraka.

"Jana ilikuwa Alhamisi... Samaki, Madame! Samaki mubichi ya ziwa letu."

"Mubichi?"

"Asubuhi alikuwa majini, saa sita sahanini. Mutamu!"

Nilisikia maharagi yakitokota.

Madame Virginie akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akarudisha kurasa za daftari nyuma, moja, mbili, tatu.

"Jana jioni nilikaa na wakubwa wa uvuvi," akasema polepole. "Wameniambia ziwa limefungwa, na tangu mwezi wa tano hakuna wavu ulioingia majini. Nikawapa pointi. Hotelini nimeomba mikebuka, samaki wa ziwa hili, wakaniletea samaki wa friji na kuniomba radhi. Sasa nisaidie, Papa. Nifute pointi za nchi, ao za kampuni?"

Papa Urbain alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua, akawa yeye ndiye samaki pekee mbichi aliyeonekana Kalemie mwezi ule.

"Joël njo aliandika," akasema.

"Aliandika, ao mulikula?"

Madame akafunua kurasa mpaka mwanzo.

"Basi tunarudi ukurasa wa kwanza. Huyu delege, aliacha kwa mapenzi yake?"

Papa Urbain akamtazama Joël. Halafu Papa Omer akasogea mbele. Alizivuta zile glavu, zikatoka pamoja, akaziweka mezani karibu na sufuria.

"Yuko inje, Madame, kwenye mulango mukubwa. Anasimama pale kila asubuhi, siku kumi na tano sasa. Mulinzi amekatazwa kumufungulia."

"Afunguliwe."

Blandine aliingia na vumbi miguuni. Hakumtazama mkubwa wake. Alinitazama mimi, na sufuria, na mimi tena.

"Mama," akasema.

Madame Virginie akatazama paji lake la uso, akatazama langu. Paji letu ni moja, pana kama la ng'ombe, tulilirithi kwa mama yangu. Papa Urbain naye akaona kwamba amekamatwa, na hasira zake zikatafuta mahali pa kuangukia.

"Ni huyu! Huyu mama! Alisoma ile karatasi asubuhi, akanyamaza, akanipeleka kwenye shimo!"

"Mimi, Papa?" Nikashika kifua. "Mimi na kusoma? Uliza Joël. Niliweka dole."

Joël akatikisa kichwa, maskini, kwamba ni kweli.

Madame akatoa mkataba wangu kwenye faili. Akautazama, akaitazama alama ya dole langu, bado ina unyevu kwa kazi ya miaka sita.

"Hujui kusoma kabisa, Mama?"

"Hata a, Madame."

"Basi nishikie kidogo."

Akaninyoshea ile karatasi juu ya sufuria, herufi zikiwa zimesimama kwa kichwa. Niliipokea kwa heshima, kwa mikono miwili, macho yangu kwake, na kabla sijajua ninafanya nini, mikono yangu ikaigeuza, herufi zikasimama kwa miguu.