Sifuri ya Dominika

Jumatatu, tarehe 13 Februari 1995. Manyunyu yalianza alfajiri yakakatika kabla jua halijachomoza, na upepo wa kutoka upande wa Maswa ulikuwa baridi kiasi cha kunifanya nijifunge khanga ya pili. Hivyo ndivyo nilivyoandika juu ya ukurasa, kwa sababu bwana shamba alitaka hali ya hewa ianze na hesabu ifuate. Kisha nikateremka hadi kisanduku cha jana, Dominika, nikachora duara dogo safi. Sifuri.

Nilikuwa na miaka arobaini na saba, na katika alama zote nilizojifunza kwenye darasa la jioni pale parokiani, sifuri ndiyo iliyonipa taabu kuliko zote, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mwalimu Constantine alituonya tangu mwanzo: "Msiache kisanduku kitupu. Mtu mwingine atakuja kuingiza uongo wake humo." Sikuacha hata kimoja. Kila nilipofunga daftari nilifanya ishara ya msalaba, maana kwangu kuandika na kusali vilikaa chumba kimoja.

Daftari lile lilikuwa la wakulima kumi na mmoja wa pamba, nje kidogo ya Dutwa. Tangu soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori yao, ushirika haukutuletea tena dawa. Msimu ule tulijitafutia wenyewe, tukapata ya kupulizia mara moja tu. Ukipuliza mapema mno, mvua inaiosha kabla mayai hayajaanguliwa. Ukichelewa, funza wamekwisha kujichimbia ndani ya vitumba na dawa haiwafikii. Kwa hiyo bwana shamba akatufundisha kuwahesabu mama zao: nondo, wale wadudu wa mabawa yenye vumbi wanaofuata taa.

Kila jioni, sala ya Malaika wa Bwana ikiisha, tulikwenda shambani. Malimi, mwenyekiti wetu, alitundika shuka nyeupe kati ya miti miwili na kuwasha karabai mbele yake. Nondo walikuja wa kila namna, wa rangi ya majivu, wa kijani, wengine wamepambwa kama wanaokwenda harusini. Sisi tulimtaka mmoja: mwenye doa jeusi mfano wa figo kwenye bawa. Huyo tulimfunika kwa glasi na kumtia chupani. Baada ya saa moja nilihesabu waliomo nikaandika. Siku za Jumatatu nilijumlisha wiki iliyopita na kugawa kwa saba. Wastani ukifika kumi, tunapuliza.

Jioni ile wakulima walikuwa wamejipanga kunisubiri.

"Mwadila, mayu," Malimi alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama. "Daftari linasemaje?"

"Sitini na tatu kwa saba. Ni tisa."

"Tisa tu!" Mahona, ambaye shamba lake linapakana na langu, alitema mate pembeni. "Jumatatu iliyopita hatukufika hata tisa. Hawa nondo wanatuchezea. Jana nimetoa ng'ombe kisimani jua likizama, nondo walikuwa wananipiga usoni."

"Hesabu imesema tisa," Malimi alisema. "Tunasubiri."

Nilijisikia mrefu kuliko kawaida. Wanaume wawili walikuwa wamebishana, na daftari langu ndilo lililoamua.

Ng'washi alinisogelea. Yeye hasali na sisi. Bado hutambikia wahenga wa ukoo wake, na herufi hazijui. Lakini jicho lake ni la mfugaji, lenye kumtambua ndama mmoja kati ya mia. Akaweka kidole juu ya karatasi.

"Mama Jilala, hiki kiduara ni nini? Kipo hapa, na kwenye wiki nyingine kipo palepale."

"Ni sifuri. Ni ya Dominika."

"Maana yake?"

"Hakuna nondo."

Aliniangalia, kisha akaiangalia shuka iliyokuwa imeanza kujaa mabawa. "Hee! Kumbe nondo wa kwenu wamebatizwa? Dominika hawaruki, wanakwenda kanisani?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Kicheko kikanifia mdomoni.

Dominika hatukutoka. Mimi ndiye niliyeomba tusitoke, kwa heshima ya siku ya Bwana, na wote wakakubali. Sifuri maana yake ni kwamba tuliangalia na hatukuona. Sisi hatukuangalia. Nilikuwa nimeandika nisilolijua, kwa mwandiko mzuri, na kulifanyia ishara ya msalaba.

Sitini na tatu kwa siku sita tulizoangalia ni kumi na nusu. Nikafungua ukurasa wa wiki iliyotangulia. Sitini na moja kwa sita ni kumi na kitu. Tulipaswa kupuliza tangu Jumatatu iliyopita.

Ningeweza kunyamaza. Kati yao hakuna aliyejua kugawa. Ningeweza kusema, "Ngojeni, nimekosea kujumlisha," nao wangesema pole. Nikafumba macho nikamwomba Mungu kitu kimoja tu, sauti isinikatike.

"Zimeni kicheko," nilisema. "Kosa ni langu." Nikawaeleza yote, taratibu, jinsi ninavyoelezwa mimi darasani.

Mahona akachukua tochi, akaingia kwenye mistari ya pamba, akarudi na vitumba kumi viganjani. Akavipasua kimoja kimoja mbele ya karabai. Vitatu vilikuwa na funza ndani.

"Vitatu kwa kumi," alisema. "Wiki iliyopita pengine kisingepatikana hata kimoja chenye funza. Daftari lipewe mtu mwingine."

"Mtu gani?" Ng'washi alimgeukia. "Wewe, unayesaini kwa kidole gumba? Huyu amejishitaki mwenyewe. Wewe hata ng'ombe wako wakila mahindi ya watu, unasema ni wa jirani."

Wawili watatu walicheka, ila si kwa raha. Malimi alikuwa bado anavitazama vile vitumba.

"Saba bado ni vizima," alisema hatimaye. "Alfajiri kila mwenye bomba alete. Tunapuliza." Kisha akanyoosha mkono, nikampa daftari. Akalishika muda mrefu kama mtu anayepima uzito wa mtoto. "Mayu, tukikurudishia hili, unatuambia nini? Sema wote wasikie."

Sikupiga magoti. Nilisimama penye mwanga, nondo wakinigonga shingoni, nikawatazama mmoja mmoja mpaka nikamfikia Mahona.

"Dominika nitasali asubuhi, na jioni nitakuwa hapa kwenye shuka kama siku nyingine. Siku ambayo sitafika, nitakiacha kisanduku kitupu, hata mwalimu wangu akigomba. Na wewe, Mahona, kila Jumatatu utasimama kando yangu nikigawa, nami nitakufundisha, mpaka siku utakayoweza kuniambia kwa kinywa chako kwamba nimekosea."